Kumfundisha mwanafunzi kutawala hisia na kujipangia kazi: mwongozo kwa mwalimu mwenye darasa kubwa

Kila muhula unapoanza naulizwa maswali yaleyale na walimu wenzangu, hasa walioajiriwa karibuni. Nimfanyeje mtoto anayepigana kila mapumziko? Mbona nikitoa maelekezo nusu ya darasa inauliza tena, "Mwalimu, tufanye nini?" Huyu mwepesi wa kuelewa, mbona hamalizi kazi hata moja? Na lile lisilokosekana: muda nitautoa wapi, nina watoto 90?

Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Nimefundisha shule ya msingi hapa Tanzania miaka 14, sehemu kubwa Darasa la Tatu hadi la Tano, na sijawahi kukabidhiwa darasa lenye wale wanafunzi 45 wanaotajwa kwenye viwango vya serikali. Kila hatua iliyomo humu nimeifanya mahali ambapo watoto watatu au wanne wanabanana dawati moja, bila projekta na bila fedha ya mradi.

Msingi wa yote ni huu. Tunamwambia mtoto "tulia", "kuwa makini", "jipange", kana kwamba anajua namna ya kufanya hivyo na amekataa tu. Wengi hawajui. Kugawanya kwa njia ndefu tunakufundisha kwa mifano, mazoezi na masahihisho, wiki nzima. Kutulia tunakudai mara moja, kwa sauti ya juu, na asiyeweza tunampa adhabu. Ninachokuomba ni ufundishe kutulia, kusubiri, kukumbuka na kupanga kama unavyofundisha kugawanya.

Nadharia utakayoihitaji

Ni kidogo. Kuna stadi za hisia na mahusiano: kujua ninachohisi, kukitawala, kumwelewa mwenzangu, kumaliza ugomvi. Kuna na stadi za kujiongoza, ambazo watafiti wa ubongo huziweka kwenye mafungu matatu: kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, kujizuia, na kubadili mwelekeo kanuni inapobadilika. Kupanga na kumaliza kazi kunajengwa juu ya hayo matatu. Sehemu ya mbele ya ubongo inayobeba kazi hii huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20, kwa hiyo mtoto wa miaka tisa anayesahau daftari bado anajengwa.

Wapo walimu wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2017 Bettina Lamm na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso nchini Kamerun na wenzao wa Ujerumani. Kila mtoto aliwekewa kitamu kimoja mezani, akaambiwa akisubiri bila kukila ataongezewa cha pili. Wanso waliosubiri walikuwa takriban 7 katika kila 10. Wajerumani hawakufika hata 4 katika 10. Mtoto aliyelelewa kungoja wakubwa wanawe mikono kwanza, kubeba ndoo bila kumwaga na kumlea mdogo wake amekwisha kuanza masomo haya nyumbani. Wewe unayaendeleza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari moja dogo la kwako mwenyewe, la kuandikia unachokiona. Lisikae mezani wazi.
- Karatasi za manila tatu au nne na kalamu ya wino mzito. Ukizikosa, upande wa nyuma wa kalenda kuukuu unatosha.
- Chupa mbili tupu za maji za nusu lita, mchanga mkavu uliochekechwa, na gundi. Gandisha vifuniko viwili mgongo kwa mgongo, toboa tundu moja dogo katikati, tia mchanga chupa moja, kisha funga. Hiyo ndiyo saa yako ya mchanga. Pima kwa simu, ongeza au punguza mchanga hadi iishe kwa dakika nne.
- Vipande vya boksi vya ukubwa wa kiganja, kimoja kwa kila mwanafunzi.
- Sindano na uzi. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya tatu.
- Dakika 10 kwa siku. Usiombe kipindi kipya kwenye ratiba, hutapewa. Chukua dakika tatu asubuhi baada ya mahudhurio, tatu baada ya mapumziko, nne mwisho wa siku.
- Mwalimu mkuu ajue unachofanya. Mweleze kwa maneno yaliyomo kwenye mtaala. Walioko Kenya wana njia nyepesi zaidi, maana mtaala wa umilisi umetaja wazi ushirikiano na kujifunza jinsi ya kujifunza. Sisi Tanzania tunaingilia kwenye Maadili na Kiswahili.

Hatua zenyewe

1. Wiki ya kwanza, tazama tu.

Usifundishe chochote kipya. Kila siku andika mambo matatu: fujo imetokea saa ngapi, imeanzia wapi, na kabla yake kulikuwa na nini. Wiki ikiisha utaona sura ya tatizo. Kwangu, mwaka mmoja, karibu ugomvi wote ulitokea kati ya kengele ya mapumziko na mwalimu kuingia darasani. Nilikuwa nikilaumu "watoto watukutu", kumbe tatizo lilikuwa dakika sita zisizo na mwenyewe.

Hesabu pia jambo moja linalohesabika. Mfano: ni wangapi wameanza zoezi ndani ya dakika mbili tangu ulipotoa maelekezo? Iandike hiyo namba, utairudia mwishoni.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika majina ya watoto pamoja na sifa mbaya: "mkorofi", "mvivu". Andika kilichotendeka. "Alimsukuma jirani baada ya kunyang'anywa rula" inakuonesha pa kuanzia. "Mkorofi" haikuoneshi kitu.

2. Fundisha taratibu mbili, zisizidi mbili.

Chagua zile ambazo daftari lako limekuonesha. Mara nyingi huwa ni kuingia darasani baada ya mapumziko na kuanza kazi. Kila utaratibu uwe na vitendo vitatu, vifupi, vyenye mpangilio. Kwa mfano: ninakaa, ninatoa daftari na kalamu, ninasoma swali lililo ubaoni.

Sasa fundisha. Eleza kwa nini. Onesha wewe mwenyewe: toka nje, ingia, kaa kwenye dawati la mwanafunzi, toa daftari, huku ukisema kwa sauti unachofikiri: "Nimeingia. Cha kwanza, nakaa. Cha pili…" Watoto watacheka, waache wacheke. Kisha mstari mmoja ufanye, wengine watazame. Kisha darasa zima. Rudia siku tano mfululizo hata kama siku ya pili wameshaweza, maana kuweza mara moja ni tofauti na kuzoea.

Swali la ubaoni liwe jepesi na liwepo kila siku bila kukosa. Siku utakayoliacha, utaratibu mzima utalegea.

3. Wape majina ya hisia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona mabadiliko makubwa kuliko pengine pote.

Mtoto wa Darasa la Nne ukimuuliza ana nini, atakujibu "nina hasira" au "sina kitu". Chini ya "hasira" hiyo kuna mambo mengi, na Kiswahili kina jina la kila moja. Hamaki huja ghafla na kupita. Anachohitaji ni kusubiri. Kinyongo kimekaa tangu wiki iliyopita. Kungoja hakukiondoi, kinataka mazungumzo. Wivu ni kutaka alichonacho mwenzako. Fedheha ni kuchekwa mbele za watu, na mtoto aliyefedheheka hatulii mpaka heshima yake irudishwe. Ukizitibu zote kwa "nyamaza, kaa chini", umetoa dawa moja kwa magonjwa manne.

Chukua neno moja kwa siku, asubuhi. Liandike ubaoni. Toa mfano kutoka maishani mwako, mfano mdogo: "Jana nilisikia fedheha, nilimwita mgeni jina lisilo lake." Uliza maswali mawili. Hisia hii huja lini? Na mwilini inakaa wapi? Swali la pili ndilo lenye kazi. Watakwambia tumbo joto kabla ya mtihani, donge kooni, mapigo ya moyo kwenda mbio, ngumi kujikunja zenyewe, masikio kuwaka moto. Dalili hizo ndizo kengele ya mapema, na mtoto anayejua kwamba masikio yake huwaka kabla hajapiga mtu amepata sekunde chache za kuamua.

Maneno ya wiki mbili za kwanza: furaha, hamaki, huzuni, woga, wasiwasi; halafu wivu, fedheha, kinyongo, upweke, fahari. Kama watoto wako nyumbani wanazungumza Kisukuma, Kihaya au Kimaasai, waulize neno la kwao. Lugha nyingine zina majina ambayo sisi hatuna, na mtoto mkimya mara nyingi hufungukia hapo.

Nilikuwa na mvulana aliyepigana siku tatu mfululizo. Siku ya nne, tukiwa tumeshajifunza neno fedheha, nilimuuliza pembeni. Akasema taratibu, "Mwalimu, sina hasira. Nimefedheheka, kaptula imechanika nyuma." Waliokuwa nyuma yake mstarini walikuwa wakicheka. Sindano na uzi vilimaliza kilichokuwa kimeshindikana kwa adhabu tatu. Tangu siku ile havikosekani kwenye kabati langu.

Angalizo: usimlazimishe mtoto kusema anachohisi mbele ya wenzake. Anayetaka aseme, asiyetaka asikilize. Na usitoe alama kwa jibu la hisia. Ukianza kutoa alama watakwambia unachopenda kusikia.

4. Nusa uji, poza uji.

Hii ni njia ya kujituliza, nayo hufundishwa watu wakiwa wametulia. Shika kikombe cha uji cha kuwazia kwa mikono miwili. Nusa kwa pua, hesabu moja hadi tatu. Poza kwa mdomo, polepole, hesabu moja hadi sita, uji usimwagike. Mara tano. Pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoupunguzia moyo mbio.

Fanyeni kila siku baada ya mapumziko, na kabla ya jaribio la Hisabati. Baada ya wiki mbili unaweza kuinua kikombe chako cha kuwazia bila kusema neno, na darasa litajua.

Pamoja nayo, weka mahali pa kutulia. Kwenye darasa lililojaa hakuna kona, najua. Dawati la karibu na mlango linafaa, au chini ya mti unaouona ukiwa ubaoni. Mtoto anageuza saa ya mchanga, anakaa dakika zake nne, anarudi. Anakwenda kwa kuomba mwenyewe au kwa kushauriwa na wewe kwa sauti ya chini. Ukimpeleka kwa kufoka, "Nenda ukatulie!", hata mara moja tu, mahali pale pamegeuka pa adhabu na hakuna atakayeomba kwenda tena.

5. Jenga breki kwa michezo wanayoijua.

Huna haja ya mchezo wa kuagiza. Chukua Nyama Nyama Nyama. Kiongozi anaita, "Nyama nyama nyama!" Wote: "Nyama!" "Ya ng'ombe!" Wanaruka na kuitika "Nyama!" "Ya kiti!" Kimya, hakuna kuruka. Anayeruka amenaswa. Mchezo huu ni zoezi kamili la kujizuia, mwili umeshajiandaa kuruka na akili inauambia hapana.

Wakishauzoea, geuza kanuni: leo tunaruka kwa kisicholiwa, tunatulia kwa kinacholiwa. Utawaona wakihangaika, na huko kuhangaika ndiko kujifunza kubadili mwelekeo. Dakika tatu zinatosha.

Taja wanyama wasio na ubishi: ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki. Nguruwe mwache. Sungura na bata nao huleta mjadala kwa baadhi ya familia, na mchezo wa kujizuia ukageuka mabishano ya nani anakula nini. Kwa upande wa pili tumia jiwe, dawati, daladala, kofia.

Anayenaswa asitolewe nje ya mchezo. Wanaonaswa mapema ndio wanaohitaji zoezi zaidi. Ukiwatoa, umewapa mazoezi mengi wale wasioyahitaji. Anyanyue mkono juu, aendelee. Mdako nao unafaa kwa saa za mapumziko, kwa sababu mchezaji anarusha, anachota na kukumbuka hesabu kwa wakati mmoja.

Sasa sikiliza vizuri. Mchezo peke yake humfanya mtoto hodari wa mchezo. Tafiti za mazoezi ya ubongo zinaonesha kwamba ujuzi hauhami wenyewe kutoka mchezoni kwenda kwenye daftari. Lazima wewe uuhamishe. Mkimaliza kucheza uliza, "Nilipotaja daladala, mwili wako ulitaka kufanya nini? Ukaufanyaje?" Watasema, "Nimeuzuia." Lipe jina: breki. Kisha kwenye Hisabati, kabla hujauliza swali sema, "Breki. Wote tufikiri kwanza, mikono chini, nahesabu kumi." Neno lilelile la uwanjani sasa linafanya kazi darasani.

6. Punguza maneno yako.

Hatua fupi, na mabadiliko yake ni ya mwalimu. Maelekezo ya mdomo yasizidi mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Yaandike ubaoni kwa maneno machache, yenye namba. Kabla ya kuanza, kila mtoto amweleze jirani yake: "Tunafanya nini?" Sekunde 20 tu. Ukimaliza hapo hutaulizwa tena na watu 40, na mwenye kusahau anatazama ubaoni.

Wengi wetu tunapoona hawajaelewa huwa tunaongeza maneno. Fanya kinyume chake.

7. Fundisha kupanga, kuanzia kazi ya dakika 20.

Mpe kila mtoto kipande cha boksi. Upande mmoja aandike Kwanza, Kisha, Mwisho. Kabla ya zoezi la insha anaandika kwa penseli neno moja moja: kwanza nawaza, kisha naandika, mwisho nasahihisha. Akimaliza kimoja anakifuta. Wakizoea insha, panda kwenye kazi ya siku mbili, halafu ya wiki, kama mradi wa bustani au kuandaa ngonjera ya siku ya wazazi.

Upande wa pili ni wa nyumbani. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionesha miaka ya 1990 kwamba mtu anayeamua mapema atafanya jambo lini na wapi hulitekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitafanya". Sentensi yake ni ya "nikisha… nitafanya…". Waandike ya kwao, na hapa usiwape mfano wa mtoto mwenye chumba na taa ya kusomea. Waulize jioni yao ikoje. Yupo anayechota maji, yupo anayekwenda madrasa, yupo anayemsaidia mama kuuza vitumbua. Sentensi nzuri ni hii: "Nikishaosha vyombo, kabla giza halijaingia, nitakaa kizingitini na kufanya maswali mawili ya kwanza." Mbaya ni hii: "Nitasoma kwa bidii."

Asubuhi usiulize nani hakufanya. Uliza sentensi ya nani imekwama, na imekwama wapi. Kisha aibadilishe. Mtoto wa kike aliyeandika "nikishaosha vyombo" anaweza kugundua kwamba vyombo huisha saa mbili usiku. Basi aandike "nikitoka shule, kabla sijavua sare".

8. Ugomvi upewe dakika tano zenye mpangilio.

Usiwakutanishe wakati wanahema. Kila mmoja kwanza apoze uji wake, mbali na mwenzake na mbali na watazamaji. Kisha wakae, na kila mmoja aseme sentensi tatu bila kukatizwa: "Ulipofanya hivi… Mimi nilisikia… Naomba…" Aliyesikiliza arudie alichosikia kabla ya kusema chake. Kushika kitu mkononi, hata chaki, kunasaidia: mwenye chaki ndiye anayesema.

Halafu uliza, "Kilichoharibika kitatengenezwaje?" Rula iliyovunjwa, daftari lililochanwa, jina baya lililosemwa mbele ya wenzake, kila kimoja kina namna ya kurudishwa. "Samahani" ya kulazimishwa usiidai, watoto wanajua haina kitu ndani.

Mwanzoni utakaa nao wewe. Baada ya wiki kadhaa wafundishe viranja wawili au watatu kusimamia ugomvi mdogo wa kalamu na viti. Ngumi, wizi na matusi ya mwili vibaki kwako.

Jambo zito: ukifungua mlango wa hisia, siku moja mtoto atakwambia jambo la nyumbani linaloumiza. Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba itabaki siri. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba utatafuta watu wa kumsaidia. Siku hiyohiyo mjulishe mwalimu wa ushauri na unasihi, au afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure Tanzania na Kenya. Iandike ndani ya jalada la daftari lako leo.

9. Anza kuondoa mikono yako.

Kuanzia wiki ya nane hivi, punguza. Swali la ubaoni liandikwe na mwanafunzi wa zamu. Anayeongoza kupoza uji awe mtoto, abadilishwe kila wiki, na zamu ifike hata kwa wale unaowaona wagumu, tena wao mapema. Maelekezo yaliyokuwa na hatua tatu ubaoni, acha moja waijaze wenyewe. Wakianguka, rudisha ulichoondoa kwa siku chache, kisha jaribu tena.

Wiki ya kumi, hesabu upya ile namba ya hatua ya kwanza. Waoneshe darasa zima namba zote mbili.

Makosa yanayobomoa kazi yote

La kwanza ni kuchanganya. Mwalimu anayefundisha kupoza uji Jumatatu, kisha Jumanne akarudi na fimbo kwa kosa lilelile amefundisha fimbo, maana mwili wa mtoto unakumbuka kilichouma. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni tangu 2001. Kwetu Tanzania bado ina kanuni zake, lakini hakuna kanuni inayokulazimisha wewe kuishika. Mimi niliiweka chini mwaka wangu wa tano, na nilichukua muda mrefu kuamini kwamba darasa halitanimeza.

La pili ni hasira yako mwenyewe. Siku ambayo mshahara umechelewa na umetembea kilomita tatu kwenye matope, watoto watakusoma kabla hujafungua mdomo. Sema ukweli mfupi: "Leo nimechoka, nitapoza uji wangu kwanza." Ukifanya hivyo mbele yao wamepata somo kubwa kuliko bango lolote ukutani.

La tatu, sifa za jumla. "Hongera, wewe mzuri" haimfundishi kitu. "Nimeona umekunja ngumi, ukashusha pumzi, ukaomba rula kwa mdomo" inamwambia arudie nini.

Ukikwama

Wanacheka na kufanya mzaha wakati wa kupoza uji. Wiki ya kwanza ni kawaida, ni aibu tu. Punguza iwe mara mbili badala ya tano, na usisimame kuwatazama. Fanya nao, ukiwa umeangalia chini. Darasa la Sita na la Saba huona uji ni utoto, kwa hiyo waambie wazi kwamba ni pumzi ya kutuliza mapigo ya moyo kabla ya mtihani, wahesabu mapigo yao mkononi kabla na baada.

Mmoja habadiliki kabisa. Kabla ya kusema ni tabia, kagua mwili. Je, anaona ubaoni? Msogeze mbele siku tatu utazame. Je, anasikia? Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Amekula? Analala saa ngapi? Nimewahi kumwita mtoto mzembe muhula mzima, na baadaye ikagundulika kwamba sikio lake moja lilikuwa limeziba kwa usaha. Yakiwa sawa yote, mpe lengo moja dogo kwa siku badala ya taratibu za darasa zima, na mzungumze kila asubuhi kwa dakika moja. Ikiwa hata hivyo hali haijabadilika baada ya miezi miwili, shirikiana na mzazi na mwalimu wa elimu maalumu kama yupo wilayani kwenu.

Mlianza vizuri, wiki ya nne kila kitu kimeanguka. Angalia wewe mwenyewe kwanza. Kwa kawaida mwalimu ndiye aliyeacha swali la ubaoni. Baada ya likizo pia huanguka. Fundisha upya kutoka hatua ya pili, itakuchukua siku tatu badala ya kumi.

Mwalimu mwenzako akiingia, darasa linageuka soko. Watoto wameunganisha utaratibu na sura yako. Mwombe mwenzako mmoja tu, yule anayekuja baada yako kwenye ratiba, atumie neno "breki" na ule utaratibu wa kuanza kazi. Usimpe somo refu. Mwalike akae nyuma ya darasa lako dakika 10.

Mzazi anakuja kulalamika kwamba unafundisha michezo badala ya masomo. Mkaribishe, mpe kiti, umwoneshe daftari la mtoto wake la mwezi uliopita na la mwezi huu, kazi zilizokamilika na zisizokamilika. Muulize mtoto anafanya nini akikasirika nyumbani. Wazazi wengi huanza kusimulia hapohapo, na ukisikiliza utapata habari ambazo hakuna fomu ya shule iliyowahi kukupa.

Mkaguzi anauliza, hii iko wapi kwenye andalio la somo? Iandike kabisa. Dakika tatu za utangulizi: "Mwanafunzi aweze kutaja hisia tatu na dalili zake mwilini." Ni umahiri unaopimika, na unaweza kumwita mtoto yeyote mbele yake akautaja.